Wazee wa Baraza Wamekosa Nini?



Wako watu Bara waliohukumiwa kunyongwa, wakakaa gerezani miaka wakingoja rufani yao, na siku rufani iliposikilizwa wakaambiwa ya kwamba kesi yao haikuwa kesi. Si kwa kuwa mashahidi walibainika waongo, wala si kwa kuwa jaji alishikwa na rushwa. Sababu ni kwamba jaji, baada ya kuzisikiliza pande zote mbili, aliwageukia wazee wa baraza waliokaa naye, akawasimulia ushahidi, akaacha kuwaeleza sheria. Au akawaeleza sheria nusu. Au akawaeleza sheria isiyo sheria. Kwa kosa hilo la jaji mwenendo wote ulibatilishwa, na mshtakiwa akarudishwa mahabusu kuanza upya mbele ya jaji mwingine na wazee wengine.

Mwaka 2022 Serikali ilileta dawa yake. Jaji hakufunzwa kueleza vizuri zaidi. Walioguswa ni wazee. Hilo ndilo twataka kulizungumza leo.

Atauliza mwanachama: yatuhusu nini ya Bara, na sisi tuna Mahakama Kuu yetu na sheria yetu ya mwenendo wa jinai? Yatuhusu kwa sababu rufani ya jinai itokayo Mahakama Kuu ya Zanzibar huenda katika Mahakama ya Rufani ile ile, iliyoundwa mwaka 1979, ipokeayo rufani za Musoma na Mwanza. Majaji ni hao hao. Ada watakayozoea huko watakuja nayo huku. Tena wabunge wa Visiwani hukaa katika Bunge lililopitisha sheria hiyo, na mkono ulioinuliwa kuipitisha ni mkono wao pia.

Twauchukua mkoa wa Mara kuwa mfano. Kwa miaka mingi jaji alitoka Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, akipita Bunda mpaka Musoma, kufanya kikao cha mashauri ya mauaji kisha akarudi. Sasa Musoma ina masjala yake ya Mahakama Kuu, na hata Mahakama ya Rufani hufika pale kufanya vikao. Mtu akiuawa Bunda au Butiama, shauri huishia Musoma. Na pana sababu ya pili ya kuuchagua mkoa huo, nayo tutaifikia.

Kwanza lazima ifahamike jinsi kazi ilivyokuwa ikifanywa. Tanganyika haikuachiwa na Waingereza jopo la raia wenye kuamua wao kama mtu ana hatia, kama lile la kwao Uingereza. Kenya walikuwa nalo, lakini kwa washtakiwa wa Kizungu tu. Mwafrika wa Kenya hakustahili kuhukumiwa na wenzake. Mwafrika alipewa wazee wa baraza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, kifungu cha 265, ilisema ya kwamba kila kesi mbele ya Mahakama Kuu itasikilizwa kwa msaada wa wazee wa baraza, wasiopungua wawili. Kifungu cha 298 kikaeleza ya kwamba pande zote zikimaliza, jaji aweza kuwajumlishia wazee ushahidi, kisha hana budi kumtaka kila mmoja atoe rai yake kwa mdomo, na rai hiyo iandikwe. Lakini jaji hafungwi na rai hizo. Wazee wote wakisema hana hatia, jaji aweza kumtia hatiani, mradi kwa desturi aandike sababu.

Wapo wasemao ya kwamba basi wazee walikuwa pambo. Sisi hatukubali. Mtu asiye na nguvu ya kuamua aweza kuwa na nguvu ya kumfanya mwamuzi afikiri mara mbili, na katika shauri la kunyongwa kufikiri mara mbili si jambo dogo.

Mahakama zenyewe ziliyasema haya zamani. Mwaka 1954, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Washington Odindo, ilieleza ya kwamba rai ya wazee yaweza kuwa na thamani kubwa, lakini endapo tu wameyafahamu barabara mambo ya kesi pamoja na sheria inayoyahusu. Wasipoelezwa sheria, wasipoonyeshwa yaliyo mazito katika ushahidi, thamani ya rai yao hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Mwaka 1959 Baraza la Faragha mjini London, katika rufani ya Bharat kutoka visiwa vya Fiji, lilikwenda mbele zaidi: wazee wakipotoshwa katika jambo kuu, basi kesi hiyo haikusikilizwa kwa msaada wa wazee, hata kama walikuwa wamekaa vitini mwao mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1982 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Tulubuzya Bituro, ikaishika kanuni hiyo, na ikasema ya kwamba kunyamazia jambo kuu ni sawa na kulipotosha. Kwa hiyo lile neno la sheria, kwamba jaji "aweza" kuwajumlishia wazee, likasomwa miaka nenda miaka rudi kuwa ni lazima.

Tupige mfano, wala si wa mtu fulani. Tuseme mtu ameuawa usiku katika kijiji kimoja cha Bunda. Shahidi asema alimtambua mshtakiwa kwa mbalamwezi na kwa sauti. Mshtakiwa asema siku ile hakuwapo kijijini; tena, kama ni yeye, alikuwa amelewa gongo, na marehemu alimtukania mama yake mbele ya watu.

Hapo jaji mwema ana kazi ya kuwaambia wazee mengi. Kwamba utambuzi wa usiku ni ushahidi dhaifu, na tangu shauri la Waziri Amani la 1980 mahakama hutaka yapimwe haya: shahidi alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na je, alimjua kabla. Kwamba mshtakiwa asemaye hakuwapo halazimiki kuthibitisha alikuwa wapi. Kwamba ulevi kwa kawaida si udhuru, lakini waweza kuhesabiwa katika kuuliza kama aliikusudia ile nia ovu, na pasipo nia ovu hapana mauaji ya kukusudia. Kwamba tusi laweza kulishusha kosa likawa la kuua bila kukusudia, kama lilikuwa la kumpokonya mtu wa kawaida uwezo wa kujizuia, na alitenda moyo wake haujapoa.

Na mtu huyo wa kawaida ni nani? Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 202, yajibu yenyewe: ni mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa. Tazameni hapo, ndugu. Sheria yenyewe yamwagiza jaji ajue Mwikizu wa kawaida hughadhibika kwa neno gani, au Mzanaki, au Mjita. Jaji aliyezaliwa Tanga, akasomea Dar es Salaam, akaletwa Musoma kwa barua ya uhamisho, atalijua wapi? Katika vitabu vyake hamna. Mzee wa Butiama aliyekaa mkono wake wa kulia alijua pasipo kufungua kitabu. Alijua kama matusi yale ni ya mzaha baina ya watani au ni ya kuvunja nyumba. Alijua kama mtu aweza kumtambua mwenziwe kwa sauti katika boma lenye ng'ombe wanaolia. Alijua njia hiyo usiku huo ina kiza au haina.

Lakini mzee huyo hajui neno "nia ovu" lina maana gani katika sheria, wala si kazi yake kulijua. Ni kazi ya jaji kumweleza. Jaji akimsomea ushahidi wa shahidi wa kwanza, wa pili na wa tatu, kisha akamwambia "haya, toa rai yako," amemtaka apime bila ya kumpa jiwe la mizani. Sisi wenye maduka twalijua hilo. Mchele utauona, mkono utausikia uzito, lakini ratili huwezi kuitaja.

Makosa hayo yalitokea si mara moja wala mara mbili. Mahakama ya Rufani yenyewe imeandika ya kwamba kuna mfululizo mrefu wa hukumu zake zinazowakumbusha majaji wajibu huu. Jaji mmoja asahau habari ya utambuzi. Mwingine asitaje kukiri kulikokanwa mahakamani. Mwingine anyamaze juu ya ushahidi wa mazingira. Mwingine awape wazee rai yake mwenyewe kabla ya kusikia yao, ikawa wao wanaitikia tu. Kulikuwa na makosa ya namna nyingine pia: wazee walioachiwa kuwahoji mashahidi kwa kuwabana kana kwamba wao ni mawakili, hali sheria yawapa ruhusa ya kuuliza ili wafahamu tu, wazee wasioambiwa kazi yao, wazee waliobadilishwa katikati ya shauri. Hayo nayo yalizifuta kesi. Na hayo nayo, mkiyatazama vyema, ni jaji aliyeyaruhusu.

Sasa fikirini matokeo yake. Mwenye kushtakiwa amekaa mahabusu miaka kabla ya kesi, kisha miaka baada ya hukumu akingoja rufani, na hukumu yenyewe ya mauaji ya kukusudia haina nyingine ila kunyongwa. Anaambiwa: umeshinda, rudi mwanzo. Mashahidi wengine wamekwisha kufa. Wengine wamehama kwenda Mwanza au Kenya. Aliyekuwa na shahidi wa kumwokoa hana tena. Na upande wa pili wa kijiji yuko mjane wa marehemu, aliyekwisha simama kizimbani akalia mbele ya watu, akaitwa asimame tena. Mahakama, ni haki kusema, iliona ubaya huo. Tangu shauri la Fatehali Manji la 1966 kanuni ni kwamba kesi haisikilizwi upya ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba matundu yake, na wengine waliachiwa huru kwa kanuni hiyo. Lakini hata huyo aliyeachiwa ameachiwa kwa kosa la karatasi. Kijiji hakikuambiwa kama aliua au hakuua. Katika nchi yenye visasi vya ng'ombe na vya damu, mtu huyo arudi kwao na jina gani?

Basi tukubali ya kwamba ugonjwa ulikuwapo. Aliyesema jambo hili halikuhitaji dawa ni mpinzani kwa ajili ya kupinga tu, na sisi hatutaki upinzani wa namna hiyo.

Dawa iliyoletwa ni Sheria Namba 1 ya 2022 ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Kwayo kifungu cha 265 kilibadilishwa, na ile lazima ikaondoka: tangu hapo jaji wa Mahakama Kuu akaa na wazee wa baraza endapo yeye mwenyewe aona yafaa. Asipoona, akaa peke yake. Wasio na wazee hawawezi kukosea kuwaeleza wazee. Hesabu imetimia, na mlolongo wa rufani kwa sababu hiyo umekatwa.

Wenye kuitetea sheria hiyo wana hoja, nasi tutazitaja. Wasema wazee waligharimu fedha za posho na nauli, na vikao viliahirishwa mara kwa mara kwa kuwa mzee mmoja anaumwa au bajeti haijafika. Wasema rai yao haikuwa na nguvu, basi kwa nini kosa katika jambo lisilo na nguvu livunje hukumu nzima? Wasema Kenya nayo iliwafuta wazee wake mwaka 2007 na mahakama hazikuanguka. Hoja ya pili ndiyo nzito. Jibu letu ni kwamba Mahakama ya Rufani haikuzivunja hukumu zile kwa mapenzi ya kuvunja. Ilizivunja kwa sababu jaji aliyeshindwa kuwaeleza wazee kanuni ya utambuzi wa usiku huenda yeye mwenyewe hakuifikiri. Maelezo yale kwa wazee yalikuwa ni dirisha: mwenye kukata rufani na wakili wake, na majaji watatu wa juu, walichungulia humo wakaona jaji aliipima kesi kwa kanuni zipi. Dirisha limezibwa. Kilichobaki ni hukumu iliyoandikwa na mtu peke yake chumbani mwake, naye aliyeiandika ana wasaa wa kuitengeneza ikae sawa.

Tena lipo jambo moja ambalo hatukusikia likisemwa. Miaka yote hiyo jaji alikuwa akiandika kwa Kiingereza. Ushahidi ulitolewa kwa Kiswahili, au kwa Kijita au Kizanaki kwa mkalimani, ukaandikwa kwa Kiingereza, ukajumlishwa kwa Kiingereza, kisha mzee akasomewa kwa Kiswahili cha papo kwa papo. Maneno ya sheria ya Kiingereza hayana usawa mwepesi. Hata mawakili hubishana kuyafasiri. Makosa mangapi ya "kutowaeleza wazee" yalizaliwa katika mto huo wa lugha? Mwaka 2021 Bunge lilifanya jema, likapitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa mara ya kwanza tangu Wajerumani, mzee wa Bunda angeweza kusikia maelezo ya jaji kwa lugha ile ile ambayo jaji aliyaandika, na angeweza kuuliza. Mwaka uliofuata huyo mzee akaambiwa hana ulazima tena. Alifunguliwa mlango, na kabla hajaingia akafungiwa.

Sababu ya pili ya kuutaja mkoa wa Mara ni hii. Katika mwaka 1958 kulikuwa na karatasi iliyotolewa na chama kilichokuwa kikipingana na Serikali, imepigwa kwa taipu na kurudufiwa kwa stensili kama hii mnayoisoma, jina lake Sauti ya TANU. Makala yake moja iliwalaumu mabwana shauri wawili, wa Musoma na wa Songea. Aliyeshtakiwa kwa kashfa ya jinai alikuwa kijana wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, rais wa chama. Alitetewa na D. N. Pritt wa London, yule aliyemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Hukumu ikatoka mkononi mwa hakimu mmoja Mwingereza mjini Dar es Salaam: faini ya paundi 150 au kifungo cha miezi 6. Faini ikalipwa.

Laiti angalikuwa amelishtakiwa kosa hilo Uingereza, angalihukumiwa na raia kumi na wawili. Na raia hao walikuwa na haki iliyopiganiwa, kwani zamani majaji wa Kiingereza katika kesi za kashfa walikuwa wakiwaelekeza hivi: ninyi amueni tu kama mtu huyu aliichapa karatasi hii, kama maneno yake ni kashfa au si kashfa, hilo ni letu sisi. Mchapaji akakubali kwamba kachapa, basi kesi imekwisha. Palikuwa na majopo yaliyokataa maelekezo hayo, na mwaka 1792 Bunge lao likapitisha sheria ya kuwapa raia haki ya kuamua jambo zima. Waingereza walipoona maelekezo ya majaji yamepotoka, waliyanyosha maelekezo. Raia hawakuondolewa.

Twajua ya kwamba mwenye duka aonapo mizani yake imepinda huirekebisha mizani. Asemaye "tangu leo sitapima, nitakisia, niaminini" atabaki na duka tupu. Lakini mshtakiwa hana duka jingine la kwenda.

Yako yaliyoweza kufanywa, wala si magumu. Mahakama ingeweza kuandika kwa Kiswahili maelezo ya msingi, la utambuzi peke yake, la ulevi peke yake, la kughadhibishwa, la kukiri, la ushahidi wa mazingira, kila jaji awe nayo mezani na ayasome kwa kadiri ya kesi iliyo mbele yake. Maelezo hayo yangeweza kusomwa mbele ya mawakili wa pande zote kabla ya kusomewa wazee, ili wakili akiona pengo aseme hapo hapo, asingoje miaka mitano kulisema mbele ya rufani. Na sheria ingeweza kusema ya kwamba kosa dogo lisilomdhuru mshtakiwa lisivunje kesi, bali lile la jambo kuu tu. Dawa zote hizo tatu zingegharimu karatasi na wino.

Na kwa kuwa sheria haikuwafuta wazee kabisa, bali imewaacha katika khiari ya jaji, basi mlango haujafungwa kwa komeo. Mshtakiwa wa mauaji, kwa kinywa cha wakili wake, aweza kumwomba jaji awaite. Twawataka mawakili wetu wajizoeze kuomba hivyo kwa maandishi, khasa katika kesi ya matusi, ya ulevi, ya uchawi au ya utambuzi wa usiku, na jaji akikataa sababu yake iwe katika jalada.

Wabunge wetu wa Visiwani watakapokwenda Dodoma katika kikao kijacho, twawapa swali moja la kumuuliza Waziri wa Katiba na Sheria, nao wasikubali kujibiwa kwa jumla: tangu sheria hiyo ya 2022 ianze kutumika, katika mashauri ya mauaji yaliyosikilizwa Musoma, mangapi yalikaa na wazee wa baraza, mangapi yalikaa bila yao, na katika hayo ya pili, ni katika mangapi jaji aliandika kwa nini hakuwahitaji?